Mikono Kwanza, Maneno Baadaye

Mwanamke anayepigwa na mumewe haingii zahanati akasema anapigwa. Anasema kichwa kinamuuma, mwezi wa tatu huu. Anasema mgongo, presha, tumbo la chini, usingizi haupatikani, chakula hakipiti kooni. Anapimwa malaria, anapewa dawa ya maumivu, anarudi alikotoka. Hata akikutana na mhudumu mwenye huruma akamuuliza, "Mama, nyumbani kuna amani?", mara nyingi jibu ni "Tunamshukuru Mungu," na mazungumzo yanaishia hapo. Mhudumu hajakosea kuuliza. Ila mama anajua kwamba kwenye benchi la nje amekaa wifi yake, na kwamba neno likishatoka mdomoni halirudi.

Wanawake wa namna hii si wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 27 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofikisha miaka 15, na asilimia 12 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Utafiti kama huo wa 2015-16 ulikuwa umekuta asilimia 40 kwa upande wa kipigo. Kushuka huko kunatia moyo. Lakini sisi tunaofanya kazi ya ushauri nasaha tunazisoma namba hizi tukijua kwamba zimejengwa na wale walioweza kusema. Aliyemjibu mtafiti "hapana" kwa sababu mlango ulikuwa wazi, naye yumo humo, amehesabiwa miongoni mwa walio salama.

Leo nataka kueleza tiba ya kikundi inayotumia sanaa na kazi za mikono: kusuka, kufinyanga, kuimba, kuigiza. Wapo wanaoiona kuwa burudani ya kuwapoza kina mama baada ya semina. Mimi naiona kuwa njia ya kuyafikia maneno kwa mtu ambaye maneno yamekuwa hatari kwake, na naamini kata kama Mnyuzi, wilayani Korogwe, inaihitaji kuliko jiji la Dar es Salaam linavyoihitaji.

Mnyuzi ni kata ya reli na mkonge. Hapo ndipo reli ya Tanga inapokutana na tawi linalokwenda Ruvu, lililofunguliwa mwaka 1963 kuiunganisha na Reli ya Kati. Kuizunguka kuna ukanda wa mashamba ya mkonge wa Korogwe na Muheza, zao lililoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Mkonge ulitaka mikono mingi kuliko ambayo Wazigua, Wabondei na Wasambaa walikuwa tayari kuutolea, hivyo wakaletwa manamba, vibarua wa mkataba. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwaandikisha, SILABU, na watu walitoka nyanda za juu kusini, Kigoma, Burundi, na wengine walivuka kutoka Msumbiji. Wengi hawakurudi. Wajukuu zao ndio wenyeji wa leo.

Naitaja historia hii kwa sababu ukatili wa ndani ya nyumba hukaa vizuri pale mwanamke alipo mbali na kwao. Mwanamke wa Kizigua aliyeolewa karibu na nyumbani ana mjomba wa kumwendea, maana Wazigua kwa asili ni watu wa ukoo wa mama na neno la mjomba lina uzito. Mwanamke aliyekulia kwenye kambi ya shamba la mkonge, baba Mbena, mama Muha, mume wa kabila la tatu, ndugu wa karibu kabisa wako safari ya siku nzima kwa basi, huyo anakimbilia wapi? Anakimbilia kwa jirani, upande wa pili wa ukuta huohuo.

Na ukuta wenyewe hauzuii kitu. Katika nyumba za kambi zilizojengwa kwa mstari, kofi linalopigwa chumba cha kwanza linasikika cha nne. Kwa hiyo hakuna siri. Kila mtu anajua nani anapigwa na nani, na siku gani, na kwamba mwisho wa mwezi mambo huwa mabaya zaidi. Ila kujua ni jambo moja, kusema ni jingine. Asubuhi kina mama wanakutana bombani, mmoja amejifunika mtandio mpaka shavuni, na salamu zinapita kama kawaida. Ukimwita mwanamke huyo kwenye mkutano wa "waathirika wa ukatili", mumewe atakuwa amepata habari kabla kiti hakijapata joto. Ukimwita kwenye kikundi cha kusuka vikapu, hakuna wa kumuuliza anakwenda kufanya nini.

Nisieleweke kwamba napendekeza kuwadanganya watu. Kina mama wenyewe wanaelezwa tangu siku ya kwanza kikundi ni cha nini, na mtendaji wa kata na afisa ustawi wa jamii wanajua. Kusuka nako kunafanyika kwelikweli, na kwa jina hilo mama anapata ruhusa ya kutoka nyumbani.

Lakini kazi ya mikono haitumiki kwa ajili ya kupata ruhusa tu. Ina sababu iliyo ndani ya mwili.

Mtu aliyepigwa mara kwa mara mwili wake hujifunza kukaa macho. Mlio wa pikipiki getini, funguo kuanguka, mlango kufungwa kwa nguvu, na moyo tayari unakwenda mbio. Huo ni mfumo wa tahadhari ambao kila binadamu anao, ila kwake umesahau kuzima. Kumbukumbu za kipigo nazo hazikai kama hadithi yenye mwanzo na mwisho. Zinakaa vipandevipande: harufu ya pombe, rangi ya shati, baridi ya sakafu. Uchunguzi wa picha za ubongo uliofanywa Marekani katikati ya miaka ya 1990, ingawa kwa watu wachache, ulionyesha kwamba mtu mwenye kiwewe anapokumbushwa tukio lake, sehemu ya ubongo inayohusika na kutoa maneno hupunguza kazi. Mwanamke anayenyamaza ukimwambia "hebu tueleze ilikuwaje" hana ukaidi wala hafichi. Wakati mwingine maneno yenyewe hayapo pale yanapotafutwa.

Sasa mpe mwanamke huyo singa za mkonge azisokote. Mikono inarudia mwendo uleule, pumzi inafuata mikono, macho yana mahali pa kutua pasipo uso wa mtu mwingine. Wale walio kando yake wanafanya hivyohivyo. Baada ya muda mabega yanashuka. Mwili uliotulia namna hiyo ndio unaoweza kukumbuka bila kuzama, na mdomo unafunguka wenyewe, tena kwa jambo dogo: mtoto anakojoa kitandani, mama mkwe amekuja, nimeota tena. Hakuna aliyemuuliza.

Wilaya ya Korogwe yenyewe ina ushahidi wa zamani kuhusu mikono na akili. Huko juu kwenye milima ya Usambara iko Hospitali ya Lutindi. Wamisionari wa Kijerumani waliianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza Afrika Mashariki. Hadi leo iko chini ya Kanisa la Kilutheri, na kazi ni sehemu ya tiba yake: wagonjwa wanafuma, wanafanya useremala, wanahudumia chai. Magonjwa yanayotibiwa Lutindi ni tofauti na majeraha ninayoyazungumzia hapa, na mwanamke aliyepigwa si mgonjwa wa akili. Ila nawakumbusha wanaodhani jambo hili limeletwa na wafadhili juzi kwamba wilaya hii imelijua kwa zaidi ya miaka 100.

Kuhusu kikundi, ushahidi ulio imara zaidi unatoka kwa jirani zetu wa Kongo. Mwaka 2011, katika vijiji 16 vya Kivu Kaskazini na Kusini, watafiti walilinganisha njia mbili za kuwasaidia wanawake 405 waliofanyiwa ukatili wa kingono au kuushuhudia, wote wakiwa na dalili nzito za msongo. Katika baadhi ya vijiji walipata msaada wa mtu mmojammoja. Katika vingine walipata tiba ya vikao 12: kikao kimoja cha faragha, kisha 11 vya kikundi cha wanawake 6 hadi 8. Miezi sita baada ya tiba, asilimia 42 ya wale wa msaada wa mtu mmojammoja bado walikuwa na dalili za kiwango cha sonona au wasiwasi mkubwa. Wale wa kikundi walikuwa asilimia 9. Matokeo yalichapishwa 2013 katika jarida la tiba la New England, na nakumbuka jinsi yalivyotushtua, maana kulikuwa na imani kwamba tiba ya maana ni ya chumba kimoja, kiti kimoja na mtaalamu mmoja.

Tiba ile haikuwa ya sanaa. Ilikuwa ya mazungumzo, yaliyorahisishwa ili hata asiyejua kusoma aweze kuyafuata, na lengo lake lilikuwa kuyachunguza mawazo ambayo kipigo hupanda kichwani. Ningewahisha chakula asingenipiga. Mimi ndiye niliyemjibu vibaya. Mwanamke mwema hapigwi. Mawazo hayo huwa na nguvu kwa sababu yanatoa matumaini ya uongo, kwamba mpigwaji akijirekebisha kipigo kitakoma. Kwenye kikundi yanakutana na mpinzani asiyeshindika. Mama anayewahisha chakula kila siku na anapigwa yuko hapo mbele yake, anasokota singa. Mshauri nasaha anaweza kusema mara mia kwamba kosa si lako, na msikilizaji akaitikia kwa adabu tu. Mwenzake akisema "hata mimi nilidhani hivyo," kitu kinasogea. Aibu hupata nguvu kwa kumwaminisha mtu kwamba yuko peke yake, na jambo hilo mshauri mmoja ofisini hawezi kulivunja hata awe na shahada ngapi.

Kivu hukohuko ndiko sanaa nayo ilikojaribiwa kwa uzito. Hospitali ya Panzi ya Bukavu, aliyoianzisha Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999, iliongeza tiba ya muziki kwa wanawake waliobakwa na kuumizwa. Wanakaa pamoja na mshauri wa saikolojia na mtayarishaji wa muziki, wanatunga wimbo wao kutokana na waliyoyapitia, kisha wanaingia studio kuurekodi. Utafiti uliochapishwa 2021 kutoka sehemu ya mashambani ya Kivu Kusini ulionyesha dalili za sonona, wasiwasi na kiwewe zikipungua kwa washiriki. Ushahidi wa sanaa kwa jumla bado ni mwembamba ukiulinganisha na ule wa tiba ya mazungumzo, na ndiyo maana siungi mkono sanaa peke yake. Naunga mkono sanaa inayofungua mlango, na mazungumzo yaliyopangwa yakaingia kwa mlango huo.

Kwa Mnyuzi, kikundi chenyewe ningekipanga hivi.

Kabla hakijakaa hata mara moja, kila mama anaonwa peke yake. Anaulizwa mambo magumu kwa utulivu: bado unaishi naye? Amewahi kukukaba koo? Ametishia kukuua? Ana panga au silaha ndani? Umewahi kufikiria kujidhuru? Swali la kukabwa koo ni la lazima, hata kama mama analipitisha haraka kama jambo dogo, kwa sababu tafiti zimeonyesha kuwa mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuuawa naye baadaye. Aliye katika hatari ya namna hiyo hahitaji singa wiki hii. Anahitaji mahali pa kulala, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na hospitali kama Magunga. Kikundi kitamsubiri.

Wanaobaki wawe wanane hivi, wakae vikao 12, na baada ya kikao cha pili asiongezwe mtu. Wakutane saa nane mchana hadi saa kumi, baada ya shamba na kabla ya jiko la jioni, siku isiyo ya gulio. Pawe na mtu wa kushika watoto nje, mbali kiasi cha kutosikia. Mtoto wa miaka minne anabeba maneno hadi nyumbani bila kujua amebeba nini.

Masharti wanayatunga wenyewe, ila mwezeshaji ahakikishe mambo matatu hayaachwi. La kwanza, anayetaka kunyamaza vikao vyote 12 ana haki hiyo. La pili, hakuna kumuuliza mwenzako kwa nini hukuondoka. La tatu, na ndilo gumu kwetu Waswahili tunaopenda kushauriana, hakuna kutoa ushauri. Shangazi mwenye nia njema akisema "mwanangu, ungemvumilia tu, mimi nilivumilia," anaweza kubomoa kwa sentensi moja kazi ya mwezi mzima. Akisema "muache leo leo" anaweza kumponza, maana siku za kuondoka na zile zinazofuata ndizo mara nyingi hatari inapopanda.

Vikao vitatu vya mwanzo ni kazi tu. Singa zinapatikana, rangi zinachemshwa, kila mmoja anaanza kikapu chake. Mwezeshaji anawafundisha vitu vidogo vya mwili: kuzisikia nyayo zilivyokanyaga chini, kuvuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi, kutaja kwa moyo vitu vitano vilivyo mbele ya macho pale mawazo yanapokuvuta. Vinaonekana vitu vya kitoto. Ndivyo vitakavyomsaidia mama saa tisa usiku, kikundi kikiwa hakipo.

Kikao cha nne unaletwa udongo. Kwa Wasambaa ufinyanzi ni kazi ya wanawake tangu zamani, na wazee wanaojua udongo mzuri uko wapi bado wapo. Kila mmoja anaombwa afinyange nyumba, yoyote. Kuna anayefinyanga nyumba ya utotoni. Kuna anayefinyanga isiyo na mlango. Hapo ndipo ujuzi wa mwezeshaji unapoonekana, kwa sababu kishawishi cha kutafsiri ni kikubwa: umeona, umejifungia, unahisi umefungwa. Asitafsiri. Amuulize tu, "Ungetaka kuuweka mlango, ungeuweka upande gani?" Udongo ukiwa bado mbichi mama anaweza kuutoboa papo hapo. Akiamua kutoutoboa, ni sawa. Mwanamke ambaye kwa miaka mambo yake yote yameamuliwa na mwingine, amefanya uamuzi mbele ya watu na hakuna aliyempinga, na uamuzi huo nauhesabu kuwa tiba hata kama kazi yake itapasuka tanuruni.

Kisha kanga. Wanawake wa pwani na wa Tanga yote wanajua kwamba kanga inaweza kumfikishia mtu ujumbe ambao mdomo hauwezi, na mvaaji akaulizwa akasema, "Nimenunua tu, rangi imenipendeza." Zoezi ni kwamba kila mmoja atunge msemo wa kanga yake, wa kumwambia yeyote anayetaka: mume, mama mkwe, Mungu, yeye mwenyewe wa miaka kumi iliyopita. Asiyeandika anamtajia jirani, jirani anaandika. Kwa maneno machache hivyo, mtu anasema makubwa kuliko angesema akipewa saa nzima. Karatasi hizo hazitoki chumbani. Mume akiikuta moja chini ya godoro, tumemuumiza tuliyetaka kumsaidia.

Igizo linakuja mwishoni, kikao cha nane au cha tisa, na halihusu maisha ya yeyote aliyepo. Linahusu Mama Fulani. Mama Fulani amerudi kutoka sokoni kachelewa. Wawili wanaigiza, na mahali panapokaza mwezeshaji anasimamisha, anauliza nani angependa kuingia nafasi ya Mama Fulani afanye vingine. Namna hii ya kuigiza ilipewa jina kubwa duniani na Augusto Boal wa Brazil, ila Tanzania ina shule yake. Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliipeleka sanaa ya jukwaani vijijini kama chombo cha watu kujadili matatizo yao tangu miaka ya 1980, na mwaka 1996 wakaanzisha Tuseme, ambapo wasichana wa sekondari waliyaigiza yale waliyokatazwa kuyasema. Nawahimiza wawezeshaji wetu waanze kwa kusoma kazi yao kabla ya vitabu vya mbali. Katika igizo nina sharti moja: asichezwe mume akipiga. Tunaigiza kabla na baada. Mkono ulioinuliwa, hata wa mchezo, unaweza kumrudisha mtu mahali ambapo tumetumia miezi miwili kumtoa.

Wimbo uwepo kila kikao, mwanzo na mwisho, mfupi, wa kwao. Nusu saa ya mwisho asifungue mtu habari nzito. Sharti hili linaonekana la ukatili pale mama anapoanza kulia saa kumi kasorobo, ila fikiria anakwenda wapi akitoka hapo. Anakwenda kwa mwanamume yuleyule, na kidonda kimefunguliwa. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2013 kuhusu ukatili wa wenzi linakataza ile desturi ya kumkalisha mtu mara moja na kumtaka amwage yote. Mwongozo huohuo unazihifadhi tiba za kuchimbua kumbukumbu kwa wanawake ambao tayari wametoka kwenye ukatili. Kwa anayeishi bado na mpigaji, kikundi kimsaidie kutulia, kuelewa, kupanga usalama na kupata watu. Mengine yasubiri.

Huwa naulizwa kuhusu kuwaleta waume ili wapatanishwe. Kwenye kikundi hiki, hapana. Kazi na wanaume ni ya lazima na ina mahali pake. Mabaraza ya usuluhishi wa ndoa nayo yapo kisheria kwa anayetaka kudai talaka. Lakini mwanamke akishahisi kwamba chumba hiki kinaweza siku moja kumwita mumewe, hatasema tena.

Sheria yenyewe kina mama waijue, na wimbo ni njia nzuri ya kuikariri. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata mila iseme nini. Uganda ilitunga sheria mahsusi ya ukatili wa majumbani mwaka 2010, Kenya mwaka 2015. Tanzania Bara bado inategemea Kanuni ya Adhabu na kifungu hiki cha zaidi ya miaka 50, na kwa maoni yangu tumechelewa mno.

Linabaki suala la fedha, ambalo wataalamu wa saikolojia tunapenda kulikwepa. Mwanamke anaweza kurudiwa na usingizi, akajua kwamba kosa si lake, na bado asiwe na shilingi ya nauli ya kwenda kwao. Huko Mwanza, kati ya 2015 na 2017, wanawake waliokuwa kwenye vikundi vya mikopo midogo waliongezewa mafunzo ya vikao kumi kuhusu mahusiano, haki na ukatili. Baadaye waliripoti kipigo kidogo kuliko wenzao waliokuwa na mikopo bila mafunzo. Ukatili wa kingono haukuonyesha kupungua kwa wazi. Kwangu hilo linasema kwamba pesa na mazungumzo vikienda pamoja vinafanya zaidi, na kwamba chumbani kuna mambo ambayo havijayafikia.

Kwa hiyo wakimaliza vikao 12, wanaotaka waendelee kama kikundi cha kuweka na kukopa. Ila nasisitiza vikapu visiuzwe wakati tiba inaendelea. Oda ikiingia, kila kitu hubadilika. Aliyesuka vibaya anaaibika, anayelia anachelewesha kazi, na mume anaanza kuuliza hela ziko wapi. Kikapu cha kwanza ni cha aliyekisuka, hata kikiwa kimepinda.

Nani aendeshe? Wale waliofanya kazi ile ya Kivu hawakuwa wanasaikolojia. Walikuwa wasaidizi wa jamii wenye miaka michache ya sekondari na uzoefu wa kukaa na wanawake, wakafunzwa, kisha wakasimamiwa kwa karibu. Mnyuzi haikosi watu hao: mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwalimu mstaafu, fundi wa kusuka anayesikiliza kuliko anavyosema. Wawe wawili kwa kila kikundi, ili mmoja amtoe nje aliyezidiwa na mwingine abaki na waliosalia. Asiwe mke wa kiongozi, hata awe mwema vipi.

Na wawili hao wawe na mtu wao. Anayesikiliza habari za kipigo kila wiki huanza kuota ndoto zisizo zake, kumkaripia mumewe asiyemkosea, au kufa ganzi kabisa akawa anaitikia tu. Kila wiki mbili mwezeshaji akae na msimamizi mwenye taaluma, saa moja, aseme yaliyomlemea na pale alipokwama. Halmashauri ina maafisa ustawi wa jamii wanaoweza kufanya hivyo wakiwezeshwa kufika. Nikiombwa kuandika bajeti ya kikundi kama hiki, mstari wa kwanza huwa nauli na vocha ya msimamizi, wa pili chai na maandazi ya kina mama, wa tatu posho ya anayeshika watoto, na singa za mkonge zinakuja mwisho, maana Korogwe hazijawahi kuwa ghali.